Nilidhani Ethiopia ni jangwa, mgeni akaniomba feni

Wakuu, mi niko mapokezi kwenye gesti moja huku Kirumba, Mwanza, na hii kazi ukiifanya muda mrefu unajiona unazijua nchi zote kisa wageni, kumbe ni ujuaji tu.

Mwezi wa tisa kaja Mhabeshi mmoja, nikampa rumu isiyo na feni, nikajisemea huyu katoka jangwani joto la Mwanza litamfanya nini. Saa nne usiku huyo kashuka na singlendi, jasho linamchuruzika, kaka naomba feni. Addis Ababa iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari wakati ziwa letu liko kama 1,130, yaani kule jioni ni majaketi. Jangwa wanalo, Danakil huko joto lake sio la kitoto, ila wengi wao wanaishi milimani. Mi kichwani nlibaki na zile picha za njaa ya 1984, nchi nzima nimeigandisha hapo hapo.

Asubuhi kaja kunywa chai, naiona saa yake ya mkononi inasoma moja na dakika kumi, nikamwambia lete nikurekebishie. Akacheka. Kumbe Wahabeshi wanahesabu kama sisi, siku inaanza jua likichomoza, tofauti ni kwamba sisi mshale uko kwenye saba tunatamka saa moja, wao wanaupeleka kwenye moja kabisa! Miaka yote nlijua huu utaratibu ni wa Waswahili peke yetu.

Mayai na supu kavisukuma pembeni, nikaona anaringa. Ilikuwa Ijumaa, Waorthodoksi wa kwao Jumatano na Ijumaa wanafunga, hamna nyama, hamna maziwa, hamna mayai. (Waislamu nao wapo wengi tu kule, msije mkawaweka wote kapu moja kama mimi.)

Sasa kwenye Nile ndo alinimaliza. Nikamtambia kwamba Misri inakunywa maji yetu, yule mpelelezi Mwingereza Speke mwenyewe kaliona ziwa hapa hapa Mwanza mwaka 1858. Akaniacha nimalize. Ukweli ni kwamba maji yanayofika Misri kama asilimia 85 yanatoka milima ya Ethiopia, mvua zao za Juni mpaka Septemba, halafu haya yanayopitia kwetu karibu nusu yanapotelea kwenye vinamasi vya Sudd, Sudan Kusini, jua linayakausha. Letu tunalojivunia ni kwamba yanatiririka mwaka mzima hata kwao kukiwa kiangazi. Nlikuwa nachanganya urefu wa mto na wingi wa maji. Akanionyesha picha ya Bahir Dar, kando ya ziwa Tana Nile yao inapoanzia, samaki, mitumbwi ya mafunjo, aisee ni Mwanza kasoro mawe.

Siku anaondoka nikamkuta barazani kashika simu anaangalia ng'ambo ya ziwa, akaniuliza Kilimanjaro iko upande gani apige picha.