Mombasa Ina Saa Zake: Mambo ya Kujua Kabla Hujavuka Makupa Kuingia Kisiwani

Kazi yangu ni kutembeza wageni Mji wa Kale. Wengi hunijia na orodha ya mahali: Fort Jesus, Marikiti, Pembe za Ndovu, pwani, feri. Orodha si mbaya, ila haisemi lolote kuhusu saa, na saa ndiyo inayoamua kama utaipenda Mombasa au utarudi kwenu ukilalamikia joto. Kisiwa hiki kina jua kali, kina misikiti kila mtaa, na kimezungukwa na bahari inayojaa na kupwa mara mbili kwa siku. Hayo matatu ndiyo yanayopanga lini duka linafunguliwa, lini chakula kinaiva, na lini mwenyeji ana nafasi ya kukaa akazungumza nawe.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalomwambia mgeni ni hili: amka mapema, na usile hotelini.

Kuanzia alfajiri, katika vichochoro vya Kibokoni na Bondeni, akina mama huwa wameshakoleza mafuta. Unga wa mahamri umekandwa kwa tui la nazi, sukari na iliki, ukaachwa uumuke. Husukumwa, hukatwa, kisha hutiwa karaini. Tazama kinachotokea hapo: hamri huzama kidogo, huibuka, halafu huvimba upande mmoja huku mpishi akilimwagia mafuta juu kwa upawa mpaka lijae hewa lote. Likigeuzwa mara moja, limeiva. Mbaazi huwa ziko sufuria ya pembeni, zimelainika zenyewe bila kupondwa, na tui zito limetiwa mwishoni ili lisikatike. Kula papo hapo, umesimama au umekaa barazani, maana hamri lililopoa huwa gumu na mbaazi zake huganda. Ukija saa nne utakuta sufuria zinaoshwa.

Ukitaka kubeba, njoo na bakuli lako. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017. Wanaotoka nje ya nchi ninawaomba waitoe hata ile iliyofungia viatu ndani ya sanduku, kabla ya kufika mpakani.

Kutoka hapo nenda Fort Jesus moja kwa moja. Lango hufunguliwa saa mbili asubuhi, na saa hiyo jua bado halijawa kali. Ikifika saa sita, mawe yale ya matumbawe yanakuwa yameshika moto na hakuna mti wa kutosha wa kujificha. Beba kitambulisho au pasipoti, kwa sababu raia na wakazi wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio cha chini kuliko wageni wa mbali, na bila karatasi huna cha kuonyesha. Langoni utakutana na watu watakaojitolea kukuongoza. Wapo wanaoijua ngome hii vizuri sana. Uliza kitambulisho chake cha kazi, mpatane bei na muda kabla hamjapiga hatua, kisha mwache afanye kazi yake.

Kabla hujaingia, inua macho juu ya lango. Kuna maandishi ya Kireno ya mwaka 1635 ambayo watu hupita chini yake bila kuyaona. Ngome ilijengwa na Wareno kuanzia 1593, kwa ramani ya mhandisi Mtaliano Giovanni Battista Cairati, lakini maandishi yale yanahusu jambo lililotokea baadaye. Yusuf bin Hassan alikuwa mtoto wa mfalme wa Mombasa. Wareno walimpeleka Goa akiwa mdogo, wakambatiza, wakamwita Dom Jerónimo, kisha wakamrudisha kuwa mfalme. Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni wa Kireno na kuuteka mji. Mwaka uliofuata aliondoka, Wareno wakarudi, na nahodha aliyekuja kuwa kapteni wa ngome akachonga sifa zake juu ya mlango. Ukishajua hivyo, lile jiwe linasomeka kama majigambo ya watu waliokuwa na hofu. Na hofu hiyo ilikuwa na sababu: kuanzia Machi 1696 Waomani waliizingira ngome hii kwa karibu miaka mitatu, wakaitwaa Desemba 1698. Baadaye Waingereza waliigeuza jela mpaka 1958. Pandeni hadi Nyumba ya Waomani, juu ya ukuta. Upepo wake peke yake unatosha kuwapandisha, na kutoka pale mlango wa bahari wote unaonekana.

Kutoka ngomeni unaingia Ndia Kuu. Hapa ushauri wangu ni mfupi: tembea polepole, na tazama juu. Uzuri wa nyumba hizi uko kwenye roshani za mbao za ghorofa ya pili na kwenye milango ya nakshi. Vinyago vinavyopangwa chini kando ya njia vinapatikana kila mji wa kitalii. Barabara ya pili, ya Mbarak Ali Hinawy, inapita kwenye Msikiti wa Mandhry, ambao mnara wake mweupe umechongoka kuelekea juu na ni miongoni mwa misikiti mikongwe kabisa kisiwani. Usiogope kupotea. Vichochoro vya Mji wa Kale vinateremka kuelekea bandari ya zamani au vinapanda kuelekea mjini, kwa hiyo ukishajua bahari iko wapi umeshajua uliko.

Ila salimia. Ninalisema hili kwa uzito, hasa kwa ndugu zetu wa bara wanaokuja na haraka ya mjini. Hapa mtu hapiti mbele ya baraza yenye wazee akanyamaza. "Asalaam aleikum", au "Sabalkheri", au "Shikamoo mzee", vyote vinapokelewa. Dukani, salamu kwanza, halafu "Naomba uniuzie". Ukianza na "Leta maji baridi" utapewa maji, lakini mazungumzo yamekwisha hapo. Mavazi nayo ni sehemu ya salamu. Hakuna anayemlazimisha mgeni avae buibui. Funika mabega na magoti, na mwanamke akiwa na leso begani ya kujitupia anapohitaji, anatembea kwa raha kila mahali. Picha za nyumba piga upendavyo; za watu, omba kwanza, na ukikataliwa shukuru na uende zako.

Mchana ni wa kupumzika, na hapa ndipo ratiba nyingi za wageni zinapoharibika. Kati ya saa sita na saa tisa jua liko utosini, na wenyeji wenyewe wako ndani. Ijumaa ni zaidi: kuanzia saa sita na nusu hivi mpaka kwenye saa nane, maduka mengi ya Mji wa Kale hufungwa kwa sala, na njia za karibu na misikiti hujaa. Usipange shughuli yoyote mtaani muda huo. Kula chakula kizito, pilau au wali wa nazi na samaki wa kupaka, kisha ulale. Kulala mchana Mombasa si uvivu.

Soko la Marikiti, ambalo jina lake rasmi la tangu 1914 ni Mackinnon Market, mimi hupeleka watu asubuhi ya siku ya pili, baada ya chai. Viungo ndivyo wageni wanavyovitafuta, na ushauri wangu ni mmoja: nunua vizima. Iliki yenye ganda la kijani, mdalasini wa magome, bizari nyembamba ambayo haijasagwa. Vunja kidogo kwa vidole, unuse. Unga wa pilau uliopimwa na kuachwa wazi juani una rangi nzuri, lakini harufu yake imeshaondoka.

Kutoka Marikiti ni mwendo wa dakika chache hadi Biashara Street, mtaa wa leso, na hapo ningependa ukae zaidi ya ulivyopanga. Leso, ambayo ndugu wa Tanzania wanaiita kanga, huuzwa doti nzima, mbili zikiwa zimeshikana. Muuzaji huifungua yote mezani ili uone pindo, mji (sehemu ya katikati) na jina (maneno yaliyoandikwa). Mgeni huangalia rangi. Mwanamke wa Mombasa huangalia jina kwanza, kwa sababu leso ni barua, na huwezi kumpelekea mkweo au jirani barua ambayo hukuisoma. Kuna majina ya dua na mapenzi, na kuna ya kumpasha mtu wazi. Mwambie muuzaji, "Nampelekea mamangu" au "Nampelekea wifi yangu," na atakutolea yanayofaa. Wanayajua majina hayo kwa mamia. Ukishalipa, usiondoke nazo zimeshikana. Mafundi wa cherehani wako hapohapo nje ya maduka. Wanakata na kupinda huku unangoja. Ukiona kitambaa kimeandikwa pembeni "Mali ya Abdulla", hiyo ni alama ya duka la Kaderdina Hajee Essak la mtaa huohuo, na wanawake wa pwani wameiamini kwa vizazi.

Feri ya Likoni ni bure kwa anayekwenda kwa miguu, na ndiyo matembezi ya baharini ya bei nafuu kuliko yote. Lakini asubuhi umati unatoka Likoni kuja kisiwani kazini, na jioni unarudi. Wewe nenda kinyume chao: vuka kwenda Likoni asubuhi, rudi mapema alasiri. Weka mkoba kifuani, wapishe akina mama wenye watoto, na usitoe simu kupiga picha. Picha haziruhusiwi feri, na walinzi wanalisimamia hilo.

Pwani za Nyali na Bamburi zinataka ujue kitu ambacho hoteli hazisemi mara nyingi. Angalia mwezi. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiwa umeandama karibuni, ni bamvua: maji hupwa sana kwenye saa nne na saa tano asubuhi, na hujaa kwenye saa kumi alasiri. Mgeni anayeshuka pwani asubuhi siku kama hizo hukuta mwani na mawe, akaambiwa bahari imekimbia. Anayeshuka alasiri huogelea mpaka jua linatua. Kukiwa na nusu mwezi, mambo hugeuka: ni maji mafu, bahari haiendi mbali, na hujaa karibu na saa nne hadi saa sita. Maji yakiwa yamekupwa ni wakati mzuri wa kutembea mwambani, lakini vaa viatu, kwa sababu wale wanyama weusi wenye miiba mirefu wamejaa mashimoni na mwiba wao hukatikia nyayoni. Na kati ya Aprili na Juni mvua za masika na upepo wa kusi huleta mwani mwingi ufukoni. Anayetaka bahari tulivu na ya wazi aje msimu wa kaskazi, kuanzia Desemba mpaka Machi.

Jioni ndiyo Mombasa yenyewe. Baada ya sala ya alasiri jua likilegea, mji mzima hutoka nje. Nenda bustani ya Mama Ngina, upande wa bahari kuu, kwenye mibuyu mikubwa. Familia hukaa ukutani, watoto hukimbia, na meli za makontena zinazoingia Kilindini hupita karibu kiasi cha kuwaona mabaharia wake. Kula muhogo wa kuchoma uliopasuliwa katikati ukapakwa pilipili na ndimu. Kula viazi karai, vilivyochovywa kwenye rojo ya unga na bizari vikakaangwa, kisha vikatiwa ukwaju. Kunywa dafu, na ukimaliza mwambie muuzaji akupasulie ule nyama yake. Ninashauri siku ya kati ya wiki. Jumapili jioni gari halisogei na meza hazipatikani.

Usiku mapema rudi Mji wa Kale kwa kahawa. Muuzaji ana dele la shaba juu ya mkaa na vikombe vidogo visivyo na mkono. Kahawa ni chungu, ina tangawizi, na huliwa na kashata au tende. Kaa barazani, sikiliza. Huu ndio mji wa mshairi Muyaka bin Haji, na bado utawakuta wazee wanaokata shauri la siasa kwa beti zake. Usiwe na haraka ya kuuliza maswali. Ukinyamaza kikombe kimoja, kikombe cha pili utaulizwa wewe unatoka wapi, na kuanzia hapo umekuwa mgeni wa watu.

Watu huniuliza kama Ramadhani ni wakati mbaya kuja. Mchana migahawa mingi ya Mji wa Kale hufungwa, na kula au kuvuta sigara hadharani ni kukosa adabu. Lakini baada ya magharibi hakuna mwezi wenye chakula kama huo: sambusa, katlesi, mkate wa sinia, vitumbua, mkate wa nyama, kila mlango na meza yake, na baada ya tarawehe mitaa hubaki na watu mpaka usiku mkuu. Kwa maoni yangu ndio mwezi bora, mradi ukubali kugeuza usiku kuwa mchana.

La mwisho ni la usafiri. Ukija kwa treni ya SGR, ile reli mpya, kutoka Nairobi, stesheni iko Miritini, nje ya kisiwa, na matatu za kwenda mjini huwa zinangoja nje. Kwa tuktuk, patana nauli kabla hujapanda. Siku ya kurudi, ondoka mjini mapema kuliko unavyodhani inatosha: msongamano wa magari barabara ya Makupa haubashiriki, mizigo hukaguliwa kwa mbwa na kwa mashine kabla ya kuingia stesheni, na lango likishafungwa treni haimngoji mtu.