Mainz ndiyo Naples: dhana potofu kuhusu picha za mbao katika vitabu vya kale

Picha za mbao ni zile zilizopigwa kwa kibao cha mbao kilichochongwa mchoro, kikapakwa wino na kukandamizwa kwenye karatasi. Kila maneno yaliyo ndani ya alama za kunukuu hapa chini ni dhana potofu; jibu langu linafuata.

"Kila picha ilichongwa kwa ajili ya ukurasa wake."

Chukua kile kitabu kinene cha historia ya dunia cha Hartmann Schedel, alichokipiga chapa Anton Koberger mjini Nuremberg, Ujerumani, mwaka 1493. Picha zimo zaidi ya 1,800, ila vibao vilivyochongwa havikufika hata 650. Miji ya Mainz, Lyon, Bologna na Naples imepigwa kwa kibao kimoja: minara ile ile, ukuta ule ule, jina tu ndilo limebadilishwa. Wafalme na mapapa nao wameazimana sura. Nuremberg yenyewe, ambako mnunuzi angegundua uongo mara moja, ilichorwa vilivyo, kurasa mbili nzima.

Mimi siuiti huo uvivu. Kibao kilikula siku za fundi kabla hakijaingiza hata senti, lakini kikishakamilika kiliweza kupiga maelfu ya kurasa. Nani angekiacha kikae bure?

"Mbao zilitumika kwa sababu shaba haikujulikana."

Ilijulikana. Ila mchoro wa shaba hushika wino ndani ya mifereji iliyochongwa, na hutaka mashine ya peke yake. Kibao cha mbao hushika wino juu, kama herufi za madini ya risasi zinazopigia maneno, basi maneno na picha hupigwa kwa mkupuo mmoja. Mpiga chapa Albrecht Pfister wa Bamberg alikwisha kuchanganya maneno na picha hivyo kufikia mwaka 1461.

"Aliyechora ndiye aliyechonga."

Mara nyingi walikuwa watu wawili. Michoro ya kitabu cha Schedel ilitoka karakana ya wachoraji Michael Wolgemut na Wilhelm Pleydenwurff; kisu kilishikwa na mafundi ambao hakuna aliyejali kuandika majina yao. Wachongaji hawakuwa wanyonge, lakini. Kule Augsburg chama chao kilimwekea ngumu mpiga chapa Günther Zainer, mpaka wakakubaliana kwamba kazi ya kuchonga awape wao.

"Kitabu chenye picha kilikuwa faida ya uhakika."

Waulize Sebald Schreyer na Sebastian Kammermeister, matajiri waliotoa fedha za kazi ya Koberger. Mwaka 1496 Johann Schönsperger wa Augsburg alikiiga kitabu hicho kwa umbo dogo na bei nafuu, bila ruhusa ya mtu. Hesabu za ubia wa matajiri hao zilipofungwa mwaka 1509, mamia ya nakala yalikuwa bado hayajauzwa.