Tustroki au fostroki? Maneno ya pwani kuhusu mashine za boti, na ukweli wake

Nimekulia nyumba ambayo mashine ya boti ililala ndani, nyuma ya mlango, imefunikwa gunia kwa kuogopa wezi. Kila alfajiri baba na baba mdogo waliibeba hadi ufukweni, na kila jioni ilirudi vilevile. Ilikuwa Yamaha Enduro ya HP 15 (nguvu za farasi 15), ya mipigo miwili, yaani tustroki, na mpaka leo nikinusa petroli iliyochanganywa na oili namkumbuka baba. Basi siandiki haya kwa kuichukia tustroki. Naandika kwa sababu naona ndugu zetu wavuvi wakitoa mamilioni kwa maneno waliyoyaokota chini ya mkungu, na mengi ya maneno hayo ni ya uongo, au kweli yake ni nusu.

Tofauti ya mashine hizi iko ndani ya silinda, chumba petroli inapochomwa. Kwenye mipigo miwili, pistoni ikipanda na kushuka mara moja tu, mlipuko umeshapatikana. Kwenye mipigo minne, yaani fostroki, lazima ipande na kushuka mara mbili. Tustroki haina valvu, vile vilango vinavyofunguka na kufunga, za kutoa moshi. Moshi hutoka kupitia matundu ya ubavuni mwa silinda, na mchanganyiko mpya wa petroli huingia wakati matundu hayo bado yako wazi. Kwa hiyo sehemu ya petroli mbichi hutoka na moshi kabla haijaungua. Ubishi mwingi wa pwani unaanzia hapo.

“Fostroki inakula nusu ya mafuta”

Inaokoa kweli, ila usitegemee nusu. Tustroki ya kabureta, kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa, inaweza kutupa hadi robo ya petroli yake bila kuichoma, na pengine zaidi. Kwenye dumu la lita 20 hizo ni kama lita 5 ulizolipia ukazimwaga majini. Asubuhi ya bahari shwari utauona utando wa rangirangi nyuma ya boti: ni petroli na oili yako hiyo.

Hasara hiyo huwa kubwa zaidi mashine inapozunguka polepole. Anayerambaza, yaani anayevua huku akiburuza mishipi nyuma ya boti, saa nne kwa mwendo wa taratibu, au anayezungukazunguka kwenye nyavu za dagaa usiku, akihamia fostroki atauona unafuu mfukoni upesi. Anayefungua mafuta yote dakika ishirini mpaka mwambani, akazima, akavua, akarudi, ataona tofauti ndogo. Huyo akipunguza mwendo kidogo tu, kwa mashine yoyote aliyonayo, huenda akaokoa zaidi kuliko kwa kubadilisha mashine.

Watu husahau pia kupiga hesabu ya oili, maana tustroki huchanganyiwa oili ndani ya petroli yake. Tuseme unatoka mara 200 kwa mwaka na kila safari unachoma lita 25. Hizo ni lita 5,000 za petroli, na kwa kipimo cha 50 kwa 1, lita 50 za petroli kwa lita 1 ya oili, umemwaga lita 100 za oili humo. Fostroki ya ukubwa huohuo hubadilishwa oili kila saa 100 za kazi, lita mbili au pungufu kwa kila mara. Ikifanya saa 800 kwa mwaka, inatumia lita 16 tu.

“Oili nyingi ndiyo usalama wa mashine”

Hili limeua mashine nyingi, na linaniuma kwa sababu anayelifanya anadhani anaitunza mali yake. Tustroki nyingi za leo zinataka lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli, yaani mililita 400 kwa dumu la lita 20. Mashine mpya, kwa saa zake za mwanzo, hupewa maradufu, 25 kwa 1, kisha unarudi kwenye kipimo cha kawaida. Kitabu cha mashine yako kikisema tofauti, fuata kitabu. Baba alikuwa na chupa ya maji ya nusu lita aliyoikwangua alama kwa kisu, na hakuna aliyeruhusiwa kuinywea.

Ukizidisha, plagi inatoka nyeusi imelowa, masizi yanajaa kwenye matundu ya moshi, na ringi za pistoni zinaganda. Tena oili imechukua nafasi ya petroli, kwa hiyo kinachofika kwenye silinda kina petroli pungufu na joto linapanda. Ukipunguza nako, pistoni inakwaruza silinda na siku moja inanata.

Na oili si yoyote. Ile 2T, oili ya tustroki za pikipiki, imetengenezwa kwa injini inayopozwa na upepo, ambayo joto lake ni jingine. Ya boti inapozwa na maji ya bahari. Tafuta chupa iliyoandikwa TC-W3, alama ya oili ya tustroki za boti.

“Tustroki ina nguvu kuliko fostroki”

HP 15 ni HP 15. Kinachokudanganya ni uzito na uchangamfu. Tustroki ya HP 15 ina kilo kama 36 na huruka mara tu ukivuta mafuta. Fostroki ya nguvu hiyohiyo inafika kilo 50 hivi. Kwenye boti pana ya faiba huzisikii kilo hizo. Kwenye mtumbwi wenye tezi (nyuma) nyembamba, tezi inazama, omo (mbele) inanyanyuka, na mawimbi ya kusi yanaingia kwa nyuma.

“Mashine ni mashine, ilaze popote”

Tustroki inavumilia zaidi, na ndiyo maana wazee wetu walizibwaga mchangani walivyotaka. Fostroki ina oili tumboni. Ukiilaza upande usio wake, oili inaweza kupita ikaingia kwenye silinda, na asubuhi ukivuta kamba haizunguki, au inawaka kwa moshi mzito. Mara nyingi kwenye mwili wa mashine kuna alama ya upande wa kulalia. Waonyeshe vijana wote wanaoibeba, hata yule anayesaidia siku moja.

“Tustroki zimepigwa marufuku duniani”

Hapana. Marekani iliweka kanuni za moshi wa mashine za boti mwaka 1996, zikaanza kubana kwa hatua kuanzia 1998. Hukohuko Marekani, kwenye Ziwa Tahoe, tustroki za kabureta zilizuiwa mwaka 1999. Lakini kampuni ya Evinrude waliendelea kutengeneza tustroki zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, zikifuata kanuni hizo, mpaka walipoacha mwaka 2020. Za kabureta bado zinatengenezwa kwa masoko kama yetu.

“Fostroki haitengenezeki huku”

Hapa wavuvi wana hoja, na wauzaji wanaipita haraka mno. Kurekebisha valvu si kazi ya spana moja na bisibisi, na zile zinazoongozwa na kompyuta zinahitaji fundi mwenye kifaa cha kuzisoma. Kwa hiyo kabla ya kulipa, nenda kwanza dukani ukaulize impela (panga la pampu ya maji ya kupoza), plagi na filta ya oili ya modeli hiyohiyo. Usikubali “tutaagiza”. Muulize na fundi wa pwani yako amewahi kufungua ngapi za aina hiyo.

Mimi leo, kwa boti ya faiba ya mita 7 inayotoka kila siku na kushinda ikirambaza, na vipuri nimeviona kwa macho yangu, ningenunua fostroki. Kwa mtumbwi ambao mashine yake inabebwa begani kila jioni na kulala nyuma ya mlango, ningebaki na Enduro, na chupa yenye alama ya kisu.