Maswali na majibu: Wajerumani wanaoota jua bila nguo

Mbona Ujerumani watu wazima hukaa uchi ufukweni mchana kweupe? Si uhuni huo?

Hapana. Desturi hiyo huitwa Freikörperkultur, yaani utamaduni wa mwili huru, kwa kifupi FKK, na chimbuko lake ni afya. Mwishoni mwa karne ya 19 miji ya viwanda kama Berlin ilifurika watu. Familia nzima ilibanana kwenye chumba cha uani kisichoona jua. Kifua kikuu kiliua wengi, na watoto wakapata matege. Ndipo likazuka vuguvugu la Lebensreform, yaani mageuzi ya maisha: kula mboga, kuacha pombe, kutupa nguo zinazobana mbavu, kuupa mwili hewa na jua. Chama cha kwanza cha FKK kilianzishwa Essen mwaka 1898, na mwaka 1903 Paul Zimmermann akafungua bustani yake Klingberg, karibu na Lübeck.

Je, jua lilisaidia kweli?

Kwa matege, ndiyo. Mwaka 1919 daktari Kurt Huldschinsky wa Berlin aliwamulika watoto wagonjwa kwa taa ya miale ya urujuanimno, na picha za eksirei zikaonyesha mifupa yao ikikomaa. Ngozi ikipata miale hiyo hutengeneza vitamini D, nayo huusaidia mwili kufyonza kalisi, madini yanayoimarisha mifupa, kwenye chakula. Ila si lazima kuvua vyote: uso, mikono na miguu vikipata jua kwa muda mfupi, mara kadhaa kwa wiki, kwa kawaida vinatosha. Ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi. Tena kuanzia Oktoba hadi Machi jua la Ujerumani huwa chini mno, hata ukivua kila kitu halikupi vitamini hiyo. Ndugu zetu mnaoishi huko, mwulizeni daktari kuhusu kipimo cha damu.

Falsafa yao ni ipi?

Kwamba mwili si aibu, na kwamba bila nguo huwezi kumtofautisha tajiri na kibarua. Mwalimu Adolf Koch aliishi imani hiyo: katika miaka ya 1920 alifundisha mazoezi ya viungo bila nguo kwa familia za wafanyakazi wa Berlin. Lakini tusifiche: wengine, kama Richard Ungewitter, waliichanganya desturi hii na ubaguzi wa rangi, na hilo ni doa kubwa. Wanazi walipotwaa madaraka mwaka 1933 walizifunga shule za Koch. Baada ya vita, Ujerumani Mashariki nayo ilipiga marufuku FKK kwenye fukwe za Bahari ya Baltiki mwaka 1954. Watu wakagoma kuvaa, na mwaka 1956 ikaruhusiwa.

Hatari yake?

Saratani ya ngozi. Sehemu zisizozoea jua huungua upesi, hivyo kivuli cha adhuhuri na mafuta ya kukinga jua ni lazima. Tangu 2008, Mjerumani mwenye bima ya afya ya umma akifikisha miaka 35 ana haki ya kukaguliwa ngozi kila baada ya miaka miwili. Watu wenye ualbino wasijaribu kabisa. Kinga yao ni mikono mirefu na kofia pana.

Nimealikwa sauna huko, kile chumba cha mbao chenye joto kali la kutoa jasho. Nifanyeje?

Sauna nyingi huingiwa bila nguo, wanaume kwa wanawake. Oga kwanza, kisha tandika taulo kubwa chini yako, hadi kwenye nyayo, jasho lisiguse ubao. Simu iache nje, wala usimkodolee mtu macho. Ukiona haya, jifunge taulo. Mjamzito, au mwenye presha isiyotulia au ugonjwa wa moyo, amwone daktari kabla ya kuingia.