Karafuu inatibu, ndiyo maana inaweza kudhuru: dhana potofu kuhusu mafuta ya kunukia

Mtu akikwambia mafuta ya kunukia ni mambo ya saluni tu, huyo hajawahi kuamshwa na jino saa nane za usiku. Na akikwambia kichupa kimoja kinatibu presha, kisukari na uvimbe wa kizazi, ujue ana katoni nzima ya kuuza. Wote wawili wanakataa kuyachukulia mafuta haya kama dawa. Dawa ina kipimo chake, ina njia yake ya kutumiwa, ina maradhi yake na ina madhara yake. Naanza na karafuu, maana ni ya kwetu.

"Ni ya asili, hayana madhara"

Msimu wa karafuu ukifika Pemba, watu hukaa vikundi vikundi kuchambua: karafuu huku, makonyo, yaani vile vikonyo vinavyoshika karafuu, kule. Karafuu huanikwa majamvini. Makonyo nayo hayatupwi. Hupelekwa kiwandani Wawi, Chake Chake, yakapitishiwa mvuke, na mvuke ule ukipozwa huacha mafuta. Sehemu kubwa ya mafuta hayo, aghalabu zaidi ya asilimia 70, ni kemikali moja tu: eujenoli.

Eujenoli inatia ganzi kweli. Madaktari wa meno huichanganya na oksidi ya zinki wakapata uji mzito wa kuzibia jino kwa muda, na ile harufu inayokupokea mlangoni kwa daktari wa meno mara nyingi ndiyo hiyo. Mwaka 2006 yalichapishwa majibu ya jaribio la Kuwait: watu wazima walipakwa jeli ya karafuu kinywani kabla ya kuchomwa sindano, wengine wakapakwa benzokaini, dawa ya ganzi ya kawaida. Karafuu haikuachwa nyuma.

Sasa kitu chenye uwezo wa kunyamazisha mshipa wa fahamu kitakosaje madhara? Zipo ripoti za kitabibu za watoto wadogo waliokunywa mafuta ya karafuu mililita 5 hadi 10, yaani kijiko kimoja au viwili vya chai, wakapoteza fahamu, wakashikwa na degedege, na ini likaathirika. Madhara hayo ya ini yanafanana na ya mtu aliyezidisha panadol, kiasi kwamba madaktari wametumia dawa ileile ya kuyatibu. Mtoto akishakunywa, usimtapishe, kwa sababu mafuta yanaweza kuingia mapafuni. Mbebe na kichupa chake, umkimbize hospitali.

Najua swali linalofuata: mbona tunatia karafuu kwenye pilau na chai kila siku? Tunatia, ila tunatia punje. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta kinabeba mafuta ya karibu gramu 30 za karafuu kavu, na sijaona pilau ya nyumbani inayotiwa karafuu kiasi hicho.

Kwa jino, basi, tone moja lichanganywe na mafuta kidogo ya nazi, lipakwe kwa pamba kwenye tundu la jino. Ufizi uepukwe, maana mafuta makali huubabua. Maumivu yakitulia usijidanganye kwamba umepona: tundu bado linaendelea kuoza, na asubuhi safari ni ya kwa daktari. Kwa ngozi, karafuu isizidi tone moja katika mililita 10 za mafuta ya nazi au ufuta. Wanaojipaka mafuta haya makavu bila kuyachanganya, eti yafanye kazi haraka, ndio wanaoishia na vipele na malengelenge. Mafuta ya ndimu yaliyokamuliwa kwenye maganda yana hatari ya ziada: ukijipaka ukatoka juani, ngozi inaungua na kuacha madoa meusi.

"Kila mafuta ya mmea ni yaleyale"

Mafuta ya mwarobaini, habasoda, nazi na ufuta hukamuliwa, na ni mafuta ya kweli ya kulainisha. Ya mchaichai, mkaratusi na makonyo hutolewa kwa mvuke, nayo huruka hewani. Ukitaka kujua umeuziwa nini, dondosha tone kwenye karatasi nyeupe uliache mpaka kesho. Likiacha doa la mafuta kama la andazi, ndani yake mna mafuta ya kupikia. Karafuu ina kipimo kizuri zaidi: dondosha tone kwenye glasi ya maji. Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, kwa hiyo huzama. Yakielea, kuna mtu ameyaongezea kitu.

Waridi halihitaji hata glasi, bei yake inatosha. Kilo moja ya mafuta halisi ya waridi hutoka kwenye tani 3 hadi 5 za maua. Kichupa cha bei ya soda ni manukato ya maabara, na hakuna ubaya kukinusa, ila usikinunue kama tiba.

Kuhusu maandishi ya "daraja la tiba" kwenye lebo, hakuna mamlaka ya serikali inayotoa daraja hilo. Ni maneno ya biashara, na biashara ya mafuta haya huyapenda makubwa. Septemba 2014, Ebola ikiwa imepamba moto Afrika Magharibi, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliziandikia barua za onyo Young Living na doTERRA kwa sababu bidhaa zao zilikuwa zikinadiwa kuwa tiba ya maradhi mazito, Ebola ikiwemo.

"Yanaua vijidudu vyote"

Baadhi huua baadhi. Mwaka 1990 Waaustralia walilinganisha jeli yenye asilimia 5 ya mafuta ya mti wa chai, ambao si huu mchai wetu wa Rungwe wala Kericho, na dawa ya kawaida ya chunusi. Zote mbili zilipunguza chunusi. Mti wa chai ulichelewa kufanya kazi lakini haukuwasha ngozi sana kama mwenzake. Kwa kidonda cha kisukari au usaha wa sikio huo si ushahidi. Na mwaka 2021 huko Marekani, dawa ya kupulizia chumba yenye harufu ya lavenda na kamomili ilikutwa na bakteria wa ugonjwa wa melioidosi. Watu 4 waliugua, 2 wakafa. Jina la lavenda kwenye chupa halikumzuia bakteria kuishi humo.

Hata kisa cha René-Maurice Gattefossé, Mfaransa aliyebuni neno aromatherapia, yaani tiba kwa mafuta ya kunukia, kimepakwa marashi. Husimuliwa kwamba aliungua mkono, akautumbukiza kwa bahati kwenye pipa la lavenda, ukapona papo hapo. Gattefossé alikuwa mkemia. Aliungua maabara ilipolipuka mwaka 1910, vidonda vikaanza kuoza, ndipo akatumia lavenda kwa kusudi, kama dawa ya kusafishia kidonda. Kwake mafuta yalikuwa ya kupaka jerahani. Mishumaa na muziki wa taratibu vilikuja baadaye.

"Harufu haina kazi yoyote mwilini"

Hii nayo ni dhana potofu, tena ya wasomi. Harufu hufika haraka kwenye sehemu za ubongo zinazohusika na hisia na kumbukumbu, na mtu aliyeingia chumba kilichofukizwa udi hahitaji kuelezwa hilo. Kupunguza wasiwasi kidogo na kumsaidia mtu alale ni mambo yanayoonekana katika tafiti kadhaa, ingawa nyingi ni ndogo. Ujerumani kuna vidonge vya mafuta ya lavenda, miligramu 80, vinavyotumika kwa wasiwasi. Hivyo vimetengenezwa na kupimwa kama dawa, basi usivifanye kisingizio cha kunywa kichupa cha dukani.

Kwa kichefuchefu watu husifia mnanaa. Inachekesha kidogo kwamba katika tafiti, pamba ya spiriti ile ya kusafishia ngozi kabla ya sindano imejitokeza vizuri zaidi: mgonjwa anainusa tu. Mwenye pumu, kwa upande wake, ajue kwamba moshi wa udi na mvuke wa mafuta makali vinaweza kumwamshia kifua.

"Nyungu inaua kirusi"

Mwaka 2020, korona ilipoingia, mkaratusi, mchaichai na malimau vilichemshwa kila mtaa, watu wakajifukizia mvuke wake. Mvuke unalainisha kamasi na kumpa mtu nafuu, sawa. Lakini joto la kuua kirusi ndani ya pua litakuunguza wewe kwanza. Mentholi, kile kiini cha ubaridi cha mnanaa, nayo huiamsha mishipa inayohisi baridi, ukahisi pua imezibuka, wakati kwa kipimo njia ya hewa ni ileile. Hatari kubwa ni sufuria yenyewe: mtoto chini ya shuka na maji ya moto ni ajali inayosubiri kutokea. Dawa za kuchua zenye kafuri na mentholi, kama Vicks, hazipakwi mtoto wa chini ya miaka 2, na puani hazipakwi mtu yeyote.

"Mchaichai unatosha kufukuza mbu"

Kwenye nchi ya malaria hili linaudhi. Jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2002 lilionyesha kwamba dawa za kupaka za sitronela, jamaa wa mchaichai, zilimlinda mtu kwa chini ya dakika 20, wakati dawa yenye karibu asilimia 24 ya DEET, kemikali ya kufukuza mbu, ilimlinda kwa takriban saa 5. Kuna dawa moja yenye asili ya mkaratusi wa harufu ya limau inayofanya kazi vizuri, nayo kiini chake ni PMD. Kiini hicho huongezwa nguvu kiwandani, na katika mafuta ya kawaida ya mti huo kimo kidogo sana, hivyo kichupa chenye picha ya jani lake hakitoshi: tafuta herufi PMD kwenye lebo, na usimpake mtoto aliye chini ya miaka 3.