Nanoselulosi ni kitu gani?

Jioni ukipita karibu stejini yoyote ya Nairobi, utamkuta muuza mahindi choma na jiko lake. Mteja anapakiwa pilipili na ndimu, anakula punje, gunzi analitupa. «Taka» kama hiyo ndiyo husemwa kuwa malighafi ya nanoselulosi, nyuzi ndogo mno za mmea. Ajabu ni kwamba punje na gunzi vyote, kwa sehemu kubwa, vimejengwa kwa sukari moja, glukosi. Kilichotofautiana ni namna ya kuiunganisha. Kwenye wanga wa punje, mnyororo wa glukosi hujikunja na tumbo huufungua bila taabu. Kwenye gunzi mnyororo umenyooka, hulala sambamba na wenzake na kushikamana nao barabara. Hiyo ndiyo selulosi, na utumbo wetu hauiwezi.

Sasa chukua kamba ya mkonge uifumue. Ndani yake mna nyuzi, na ndani ya kila uzi mna nyingine nyembamba zaidi. Ukuta wa chembe ya mmea uko vivyo hivyo, ila nyuzi zake zimezama katika hemiselulosi, yaani minyororo ya sukari mchanganyiko, na lignini, ambayo ndiyo gundi inayoupa mti ugumu. Nanoselulosi ni zile nyuzi za mwisho kabisa, zenye upana wa kuanzia nanomita chache hadi makumi kadhaa (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Unywele mmoja wa kichwani una upana wa nanomita kama 80,000. Kwa hiyo hapa hakuna kinachoumbwa upya, ni kufumua tu.

Kufumua kwenyewe kuna jasho. Magunzi husagwa, huchemshwa kwa kostiki soda ile ile ya watengeneza sabuni, kisha hupaushwa hadi libaki rojo jeupe. Ukilipitisha rojo hilo kwenye mashine ya mgandamizo mkubwa, unapata nyuzi ndefu zinazopindika. Ukilitia katika asidi ya sulfuriki ya takriban asilimia 64, asidi inakula sehemu zilizolegea na kuacha vijiti vifupi vigumu, yaani fuwele.

Vijiti hivyo ni vyepesi kuliko chuma mara tano hivi, na huchanganywa na plastiki zinazooza ili kuziimarisha. Nyuzi nazo hupakwa juu ya karatasi ya kufungia chakula, zikazuia mafuta na hewa. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Kenya mwezi Agosti 2017, vifungashio si jambo dogo kwetu. Ubaya wake, nanoselulosi inapenda maji: ikilowa, kinga hiyo hulegea.

Neno «taka» nalo lina walakini. Gunzi kavu huwasha jiko, na mabua hulishwa ng'ombe. Mimi ningeanzia soko la Marikiti, Nairobi, kwenye vikonyo vya mikungu ya ndizi, vilivyorundikana vibichi na visivyowaka moto. Lignini yake ni kidogo kuliko ya mbao. Ila sehemu kubwa ya kikonyo ni maji, kwa hiyo gunia zima likikauka hukuachia sehemu ndogo tu ya kusaga.