Wastani haujazi bafa: kipeo cha Hurst kwenye trafiki ya mtandao

Kwenye grafu ya siku nzima, laini ya intaneti ya ofisi ya Mtumba, Dodoma, inaweza kuonekana imetumika asilimia 40 tu, ilhali saa nne asubuhi ruta inadondosha pakiti, yaani vipande vya data, kwa kuwa bafa yake, kumbukumbu inayoshikilia pakiti zinazosubiri zamu, imejaa. Pakiti huja kwa mafungu, na fungu huvuta fungu lingine.

Anayepanga akiba ya bwawa kama Mtera anaujua ugumu huu, kwa sababu hakuna bwawa linalojengwa kwa wastani wa mvua. Harold Edwin Hurst aliupima kwenye kumbukumbu za mto Nile na kuchapisha matokeo yake mwaka 1951: miaka ya maji mengi huelekea kuandamana, na ya ukame vivyo hivyo. Mwaka 1993 Will Leland wa Bellcore, kampuni ya utafiti wa mawasiliano ya simu ya Marekani, na wenzake walionyesha tabia hiyohiyo kwenye trafiki ya Ethernet, mtandao wa kebo wa ndani ya ofisi.

Kuipima tabia hii si kazi kubwa; kipimo chake ni kipeo cha Hurst, H. Nasa trafiki kwa programu ya tcpdump, kuanzia saa nne hadi saa tano asubuhi, ukiweka -s 96 ili ihifadhi baiti 96 za mwanzo tu za kila pakiti. Maudhui ya ujumbe wa watu hayahitajiki. Urefu halisi wa kila pakiti unaandikwa hata ukikata. Hesabu baiti katika kila milisekunde 10, utapata vipimo 360,000. Tafuta variansi yake, yaani jinsi vipimo vinavyotawanyika kutoka kwenye wastani. Kisha chukua wastani wa kila vipimo 10, halafu 100, halafu 1,000, ukitafuta variansi upya kila mara. Chora logi ya variansi dhidi ya logi ya ukubwa wa fungu la vipimo, usome mteremko.

Pakiti zingekuwa zinajijia tu bila kuhusiana, mafungu ya vipimo 100 yangeshusha variansi mara 100, mteremko ukawa -1 na kipeo H, ambacho ni 1 ukijumlisha nusu ya mteremko, kikawa 0.5. Ukipata -0.4, H ni 0.8, na variansi imeshuka mara 6 tu. Hapo kuongeza bafa husaidia kidogo sana na huleta ucheleweshaji. Ongeza uwezo wa laini.

Usiende hadi mafungu ya vipimo 10,000: yanabaki 36 tu, na mteremko unayumba. Kosa ninaloliona zaidi ni kunasa tangu ofisi zinapofunguliwa. Trafiki inapanda muda wote huo, na mpando huo peke yake unaikuza H. Gawa saa yako nusu mbili. Wastani wa nusu hizo ukipishana sana, tafuta saa nyingine. Angalia pia idadi ya pakiti ambazo tcpdump yenyewe imeshindwa kuzinasa. Huiandika mwishoni, na pakiti hizo hupotea palepale penye mafungu makubwa ya pakiti unayoyatafuta.